Mkono Wako wa Kushoto Unaochelewa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utaanza kwa kucheka, kwamba huyu Kiherehere ana simu mkononi na bado anahangaika kununua bahasha. Cheka, ila ukimaliza ukae chini usome. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika popote, maana wewe ukihisi unaambiwa jambo zito unaanza kuuliza habari za mvua. Mimi ni mzima wa afya, masikio tu ndiyo yamechoka, na utaelewa kwa nini. Wewe hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Na mama, kifua chake kinaendeleaje? Ile dawa mpya ya kuvuta imemsaidia, au bado asubuhi anakaa kitandani akitafuta pumzi kabla hajasalimia mtu? Mwambie asifagie uani bila kujifunga kitambaa puani, na akikujibu kwamba anajifunga kila siku, usimwamini.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Umesema kiongozi wa bendi yenu amenunua programu ya ngoma ya kompyuta, na amekuambia mbele ya wenzako kwamba kompyuta haichelewi. Umesema umechoka kuitwa mchelewaji, kwamba mjomba amekuwekea nafasi dukani kwake kwenye mabati na misumari, na mwisho wa mwezi anataka jibu. Kisha ukaniuliza, mimi niliye huku zinakotengenezwa ngoma hizo, je, ni kweli siku hizi kompyuta inapiga na mtu asijue? Ukasema nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikisema ndiyo, unaweka vijiti kabatini na hutaviulizia tena.

Basi barua hii ndiyo jibu. Imekuwa ndefu kwa sababu jibu lenyewe limenizungusha, na sitaki ulipate nusu.

Nyumbani mnajua kwamba nilichukuliwa pale studio kupokea simu na kupanga ratiba. Hiyo ndiyo kazi iliyo kwenye mkataba. Lakini wewe unanijua, mlango ukifunguliwa kidogo mimi nimeshaingia. Studio iko ghorofani, juu ya duka la vioo. Bosi wetu ni mama mmoja mwenye sauti ndogo, hajawahi kumgombeza mtu. Akikasirika anavua miwani tu, na sote tunaomba asiivue. Mpiga ngoma wetu tunamwita Nyundo, na ukiyaona mabega yake hutauliza kwa nini. Wa tatu ni mtaalamu wa kompyuta, tunamwita Kimya, kwa sababu anaweza kufanya kazi na wewe kutwa nzima akakuaga kwa kichwa. Kwa pamoja wanatengeneza ngoma ambazo mtu atazinunua akaziweka kwenye kompyuta yake, akibonyeza kinanda, zinalia.

Mimi nilidhani kazi hiyo ni kumkalisha Nyundo apige nyimbo, warekodi, yaishe. Kumbe hawarekodi wimbo hata mmoja. Wanarekodi pigo moja moja. Nyundo anakaa, anaigusa ngoma ndogo taratibu kabisa, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Tunanyamaza mpaka sauti iishe yote. Anaigusa tena kwa nguvu ileile. Na tena. Kisha anaongeza nguvu kidogo na mchezo unaanza upya, hadi anafika kwenye pigo la kukutoa machozi. Halafu si katikati tu. Kuna pembeni, kuna kwenye ukingo wa chuma, kuna kwa kijiti kilicholazwa juu ya ngozi. Wakimaliza ngoma wanaenda kwenye matoazi, na toazi likishapigwa lina kiburi, linalia mpaka usahau ulikuwa unasubiri nini. Siku ya kwanza nilipiga chafya kabla toazi halijaisha, wote wakanigeukia kana kwamba nimetukana mtu.

Nilimuuliza Kimya kwa nini wanarudia pigo lilelile kama watu waliosahau. Alichukua pigo moja tu, akalibonyeza mfululizo, haraka haraka. Kaka, ilikuwa cherehani. Kisha akaipa kompyuta yale mapigo mengi yanayofanana, ichukue hili na lile kwa zamu, na papo hapo nikaona mkono wa mtu. Alisema sikio halijui linasikia nini, ila linajua likirudishiwa kitu kilekile. Nikamuuliza tena, na hizo nguvu mbalimbali za nini, si wangerekodi pigo kubwa halafu wapunguze sauti? Nyundo ndiye aliyenijibu, akasema mtu anayenong'ona si mtu anayepiga kelele akiwa mbali. Jibu hilo lilinikaa kichwani wiki nzima.

Yale mapigo ya kunong'ona ndiyo yaliyotutesa. Kwa kuwa ni madogo mno, maikrofoni zinafunguliwa hadi zinasikia kila kitu, na ikagundulika kwamba kwenye mapigo yote ya asubuhi ile kuna sauti ya friji ya jikoni. Tukaizima. Tukarekodi vizuri, tukapongezana, tukaenda nyumbani, na hakuna aliyekumbuka kuiwasha. Jumatatu bosi alifungua friji, akaifunga, akavua miwani. Tangu siku hiyo anayezima friji anaweka funguo zake za nyumba ndani yake, asiweze kuondoka bila kuifungua. Ukiona mtu mzima anatoa funguo kwenye friji, ujue anafanya kazi hii.

Sasa nifike kwangu. Toleo la kwanza lilipokamilika, bosi aliniita. Alitundika pazia kati ya vyumba viwili, akaniambia nikae, nisikilize kwenye spika, nami niseme tu mtu au mashine. Wakati mwingine Nyundo alikuwa anapiga kweli ngoma zile zile upande wa pili, wakati mwingine ni kompyuta. Aliniteua mimi kwa sababu sijasoma mambo hayo, alitaka sikio la kawaida. Sikukosea hata mara moja. Kimya alitoka nje akakaa kwenye ngazi.

Nilimfuata, maana nilimwonea huruma, na mimi mwenyewe nilitaka kujua nimejuaje. Nilimwambia kwamba kwenye mashine kila ngoma inaishi nyumba yake na hazisalimiani. Alinitazama sana. Kumbe ngoma kubwa ikipigwa, zile nyuzi za chuma zilizo chini ya ngoma ndogo zinatetemeka zenyewe bila kuguswa, na ngoma za pembeni nazo zinaguna kidogo. Kimya aliposikia hayo kwenye rekodi alidhani ni uchafu, akaufuta wote, pigo kwa pigo, kwa uvumilivu wa ajabu. Alikuwa ameosha nyumba mpaka akatoa na wenye nyumba. Ilibidi aurudishe uchafu wake wote, na alipoanza kuurudisha nilimsikia kwa mara ya kwanza akipiga mluzi.

Toleo la pili lilikuwa zuri kiasi kwamba nililazimika kufumba macho. Bado nilijua. Safari hii kila kitu kilikuwa sahihi, na usahihi wenyewe ndio ulionikera. Kimya akaiambia kompyuta iwe inawahi na kuchelewa kidogo kwa kubahatisha, ikawa kama mlevi anayejitahidi kutembea sawasawa mbele ya mkwewe. Nyundo alicheka hadi akashika ukuta. Lakini siku moja Nyundo alivaa spika za masikioni zenye mlio wa kuhesabu, akapiga akifuata mlio ule, nami nikasema mashine bila kusita. Alizivua, akaenda kunywa chai peke yake. Ndipo nikaanza kujihoji. Kama mtu naye naweza kumwita mashine, basi mimi nasikia nini hasa?

Hapo ndipo ujumbe wako ulipofika, pamoja na ule wimbo wa mazoezi ulioniambatanishia ili nisikie mwenyewe jinsi unavyochelewa. Niliuweka kwenye spika kubwa za ofisini saa ya chakula, nikitaka kusikia vizuri. Kimya aliacha kutafuna. Akauliza huyo ni nani. Nikasema kwa kiburi chote kwamba ni kaka yangu, tena wa tumbo moja. Aliomba autazame wimbo ule kwenye kompyuta, nami nikampa, nikiona ni sifa kwa ukoo. Baadaye aliniambia kwamba mkono wako wa kulia umenyooka kabisa, na wa kushoto pia, isipokuwa mwisho wa kila mstari wa wimbo. Hapo wa kushoto unachelewa kwa unywele mmoja, kisha unarudi mahali pake kana kwamba hakukuwa na kitu. Alisema mtu asiyejua kazi akichelewa anabaki nyuma, anaanza kukimbizana. Wewe hukimbizani. Alisema hajui hicho ni kitu gani, ila si kosa.

Nilitaka kukupigia simu siku hiyo hiyo nikwambie, ukamwambie kiongozi wenu. Nashukuru sikupiga, kwa sababu nilikuwa bado sijamaliza kusikia.

Wiki iliyofuata bosi aliniita tena kwenye pazia. Vipande viwili vya kwanza nilivipata. Cha tatu kilipoanza nilijisikia nimetulia, siwezi kukueleza vizuri, kama mtu aliyefika kwao. Nikasema mtu. Nikasema tena kabla hakijaisha, na nikaongeza kwamba kama huyo si mtu basi mimi niache kazi. Kimya alivuta pazia. Kiti kilikuwa kitupu. Nyundo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

Hilo ndilo jibu uliloliomba, kaka. Ndiyo, kompyuta inaweza kupiga na mtu asijue. Mimi sikujua, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pale kwa ajili ya kujua.

Lakini usifunge barua. Kimya alikuwa amechukua kule kuchelewa kwa mkono wako wa kushoto, mahali palepale na kwa kiasi kilekile, akakuweka kwenye mapigo ya Nyundo. Walinidanganya kwa kukutumia wewe. Nilikasirika, sikufichi, nilisema maneno ambayo sekretari hasemi kazini. Wimbo ule nilimpa autazame, sikumpa akuvue mkono. Bosi alivua miwani, na mara hii ilikuwa kwa ajili ya Kimya. Alimwambia akutoe mle, na kwamba kama mwenye mkono atapenda uwemo, aje mwenyewe, akae kwenye kiti, aulizwe, na jina lake liandikwe. Kimya aliniomba radhi vizuri, kwa sentensi nzima nzima. Kwa hiyo mwaliko huo upo, nami naufikisha kama nilivyopewa.

Hata hivyo hilo silo lililonifanya ninunue bahasha. Kabla Kimya hajakufuta nilimwomba anichezee kile kipande tena, nione nilinaswa wapi. Niliweka mkono kifuani bila kukusudia. Kila mwisho wa mstari nilikuwa navuta pumzi. Hakuna aliyekuwa anaimba, ni ngoma tupu, na mimi navuta pumzi kila mahali ambapo mkono wako unachelewa. Nikarudia, ikawa vilevile. Nikamwita Nyundo asikilize, yeye akapumua kama kawaida yake. Ni mimi tu.

Nilitembea na jambo hilo siku kadhaa, nikiligeuzageuza. Jumamosi nilikuwa napiga pasi nguo zangu, nikaanza kuimba ule wimbo wa mama wa kupigia pasi, si unaujua, ule usio na mwanzo. Nikafika mwisho wa mstari nikanyamaza kidogo, navuta pumzi. Pasi ikabaki hewani. Nikakumbuka, kaka. Chumba cha nyuma, mama amesimama kwenye meza ya nguo, mimi chini ya meza na mdoli wangu asiye na nywele, na wewe umekaa juu ya ndoo, beseni umelifudikiza miguuni, una vijiko viwili. Mama anaimba. Kifua chake kilikuwa kibaya tangu wakati ule, sisi tulidhani mama wote wanaimba hivyo. Anafika mwisho wa mstari, pumzi inagoma. Wewe umeinua kijiko cha kushoto, huliangalii beseni wala huniangalii mimi, unamwangalia mama usoni. Hukishushi. Pumzi ikiingia, unakishusha, na wimbo unaendelea. Siku ambazo pumzi ilikawia, kijiko kilikawia. Hukumwacha nyuma hata siku moja.

Nilichoma kola ya blauzi yangu ya kazini. Nilikaa kitandani nikalia kidogo, kisha nikacheka, kwa sababu huyo mwimbaji wenu nimemsikia kwenye ule wimbo wa mazoezi, ana mapafu ya mpuliza tarumbeta, anaunga mistari bila kupumua hata kidogo. Yeye anapita, na wewe bado umeinua mkono unamsubiri mama. Kiongozi wenu anasikia kitu, hajakosea kusikia. Amekosea tu jina lake.

Lakini unajua mimi siachi kitu mpaka nikifungue. Jumatatu nilimsimulia Kimya yote, nikamwomba arudishe ule mkono wako kwa muda, tufanye jaribio moja. Niliimba wimbo wa mama juu ya kompyuta. Mstari wa kwanza na wa pili tulienda pamoja, vizuri kabisa. Wa tatu nikaivuta pumzi polepole, kama mama siku zake mbaya. Kompyuta ilichelewa kwa unywele wake uleule, ikanipita. Nikaona labda ni kwa sababu ni mashine, nikamweka Nyundo kwenye ngoma, nikaimba tena vilevile. Nyundo naye akanipita, akamaliza mstari peke yake, akaniuliza kama nimesahau maneno. Basi nisikudanganye kwamba mtu ni mtu na mashine ni mashine. Nyundo ni mtu, tena fundi. Tulipomaliza Kimya alikaa akiitazama skrini, akasema mapigo anayo ya kutosha, ila hajui arekodi wapi yule anayesubiriwa. Akakufuta mbele yangu, nikaona kwa macho yangu.

Kwa hiyo jibu lako lote ni hili. Inaweza kumdanganya mtu, na mwakani itaweza zaidi, Kimya hatachoka na mimi simlaumu. Kwenda kwa mjomba si aibu, mabati nayo yanahitaji mtu mwaminifu, na watoto wanakula. Ukienda sitakuona mdogo hata chembe. Ila nakuomba usiende kwa sababu ya kuambiwa umechelewa. Kama unataka kuhakikisha, subiri siku mama anapiga pasi, chukua vijiko vyako, usimwambie kitu, mwache aimbe. Kisha uniandikie mkono wa kushoto ulifanya nini.

Na kama huna nafasi ya hayo yote, sikiliza tena tu ule ujumbe wako mwenyewe wa sauti. Mimi nimeurudia jana. Umeanza swali lako, umesema, je, ni kweli siku hizi kompyuta inapiga, na hapo mama anaanza kukohoa chumba cha pili. Unanyamaza. Kikohozi kinaendelea, kinakatika, kuna kimya, na wewe bado hujasema. Anavuta pumzi, inasikika hadi huku. Ndipo unamalizia swali.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anakuja likizo na asikute mtu hajui kuimba. Mama mpe shikamoo yangu, umshike na mkono kwa niaba yangu, na dawa yake iwe mahali anapoifikia bila kuinama. Bosi, Nyundo na Kimya wanakusalimia ingawa hawakujui, na Kimya ameniomba niandike salamu zake peke yake, tofauti na za wenzake. Nakutakia afya na moyo mtulivu katika kuamua.

Mimi mdogo wako anayekupenda,

Kiherehere